Othmar Nkwera wa Lundo (1942–2025) na Sanduku la Bahasha Tupu

Othmar Nkwera alizaliwa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, tarehe 8 Novemba 1942, mtoto wa kwanza wa Mzee Leopold Nkwera na Mama Benadetha. Baba yake alivua usipa na kulima muhogo, kama karibu kila mwanaume wa Lundo wa wakati ule. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Severini, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa nyumba ile, na ambaye kwa desturi ya ukoo wetu ndiye atakayegawa mali ya marehemu siku ya kumaliza msiba. Hilo linatajwa mapema kwa sababu tangu juzi watu wanaulizana pembeni, hasa vijana wa ukoo, sanduku la bahasha litakwenda kwa nani. Jibu litatolewa hapa hapa. Anayelitaka asikilize kwanza maisha ya mwenye sanduku.

Mwaka 1952 Othmar aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1959. Ada ya nyumba ile ilitosha mtoto mmoja, ikaenda kwake. Hilo si lalamiko, ni maelezo. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, mwenye mwandiko mzuri na maswali ya ajabu. Mwishoni mwa mwaka 1957 mwalimu aliwaambia darasani kwamba Warusi wamerusha juu chombo kinachoizunguka dunia. Wenzake waliuliza kama kinaweza kuwaangukia. Othmar aliuliza, "Kikipita juu ya Lundo, mwalimu, sisi tutaonyesha nini kwamba siku hiyo tulikuwepo?" Mwalimu alimwambia akae chini. Swali lile hakuliacha.

Alipomaliza shule alikwenda Mbamba Bay kuuza duka la Bi Biubwa, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Pwani, aliyeuza vitenge, chumvi na mafuta ya taa. Bi Biubwa alisoma herufi za Kiarabu, lakini barua za kaka yake Ilyasi zilikuja kwa herufi za Kizungu, kwa hiyo Othmar alimsomea. Ilyasi alikuwa mpishi Zanzibar, katika kituo ambacho Wamarekani walikiweka kisiwani ili kufuatilia vyombo vyao vya anga. Mwezi Machi 1962 ilifika barua ya Ilyasi ndani ya bahasha aliyopewa na fundi mmoja wa kituo. Juu yake palikuwa na picha ya chombo kidogo kikizunguka dunia, na stempu iliyogongwa muhuri wa tarehe 20 Februari 1962, siku yenyewe ambayo Mmarekani wao wa kwanza aliizunguka dunia. Bahasha ile ilikuwa imetumwa mara ya kwanza kwa yule fundi, ndipo Ilyasi akaitumia tena, maana watu wa zamani hawakutupa bahasha.

Othmar alisoma barua hadi salamu za mwisho, akairudisha karatasi, akabaki ameshika bahasha.

"Mbona hiyo huirudishi?" Bi Biubwa alimuuliza.

"Naiomba, bibi."

"Unaomba bahasha? Wenzio wanaomba sukari."

"Naiomba hii."

Bi Biubwa alicheka hadi wateja wakageuka. "Chukua ganda, mwanangu, mimi nimeshakula ndizi. Nje yako, ndani yangu."

Bahasha hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Imo sandukuni hadi leo.

Mwaka 1963 Othmar aliajiriwa posta. Mwaka uliofuata alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi sita, akarudi kuwa karani wa posta Mbamba Bay hadi alipostaafu mwaka 1998. Alipokea mifuko ya barua kutoka kwenye meli na kwenye malori ya Mbinga, akapanga barua, akauza stempu, akagonga muhuri. Aliondoka Mbamba Bay kila Jumamosi mchana kwa baiskeli na kulala Lundo, na Jumatatu alfajiri alirudi. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanauliza kwa nini hakununua pikipiki.

Ni vizuri kueleza zile bahasha zilikuwa nini, kwa sababu wengi mliziona na wachache mliuliza. Kila chombo kiliporushwa kwenda angani, posta ya mahali kiliporushwa iligonga muhuri wa siku ile. Watu wenye hamu hiyo duniani walituma mapema bahasha zenye anwani zao wenyewe, zikagongwa muhuri siku hiyo na kurudishwa kwao. Ndani hapakuwa na barua, ila kipande cha kadi ngumu ili bahasha isijikunje njiani. Kilichotafutwa ni muhuri. Stempu unaweza kuinunua mwaka mzima, lakini muhuri ni wa siku moja na mahali pamoja, na siku ikipita imepita. Othmar alikuwa na rafiki wa kalamu mmoja katika jimbo la Ohio, Marekani, na mwingine Krakow, Poland. Aliwatumia bahasha zenye muhuri wa Mbamba Bay, ambao kwao ulikuwa adimu, nao wakamtafutia za safari za angani. Kwa hiyo wakati mataifa makubwa yalikuwa yanatishana kwa mabomu, bahasha za pande zote mbili zililala pamoja katika sanduku moja la bati Lundo. Alizipenda zaidi zile zilizogongwa ndani ya meli za kivita zilizotumwa baharini kuwaokota wasafiri waliporudi. Alisema posta iliyo ndani ya meli ndiyo posta kamili.

Lundo ilimtania. Akipita na bahasha mpya watu walimuita, "Othmar, mwezi umekuandikia tena? Unasema haujambo?" Naye alijibu, "Haujasema kitu. Unanisalimia tu." Akaendelea na safari yake.

Mwaka 1971, mpakani mambo yalipokuwa ya wasiwasi, ofisa mmoja wa usalama alikuja dirishani Mbamba Bay akiwa na bahasha mbili zilizokuwa zimezuiwa njiani. Waliokuwepo wameyasimulia mazungumzo yale mara nyingi.

"Wewe ndiye Othmar Nkwera?"

"Ndiye."

"Barua iko wapi?"

"Hakuna barua, afande. Ni hiyo bahasha."

"Mtu wa Marekani akutumie bahasha tupu? Anakutania?"

"Nimejitumia mwenyewe."

"Umejitumia mwenyewe kutoka Marekani, na wewe uko hapa?"

"Ndiyo, afande."

"Bila kujiandikia chochote?"

"Habari zangu nazijua."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na ofisa naye mwishowe akacheka. Lakini alipotaka kuondoka na zile bahasha kama kumbukumbu, Othmar alizishika. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba barua si ya aliyeituma wala ya anayeishika. Ni ya aliyeandikwa juu yake. Sheria hiyo aliitunza miaka yote thelathini na mitano ya kazi yake. Baba wa mtu hakupewa barua ya mwanawe, na mume hakupewa barua ya mke. Wapo wanaume hapa msibani ambao hawajamsamehe.

Ilipofika Operesheni Vijiji, mwaka 1974 na 1975, watu walihamishwa kutoka huku kwenda kule, na barua zikaendelea kufika walikotoka. Nyingi zingepotea. Othmar aliuliza kila aliyefika dirishani nani amehamia wapi, na kwa kila barua ya aliyehama alifanya kama alivyofundishwa: aliikata anwani ya zamani kwa mstari mmoja ulionyooka, ili bado isomeke, akaandika mpya chini yake, na barua ikaendelea na safari kwa stempu ile ile. Mwenye barua akihama, barua inamfuata bila malipo mengine. Alisema hiyo ndiyo huduma ya posta aliyoiheshimu kuliko zote. Leo mtu akihama anabadilisha namba ya simu, basi, anakuwa amekufa kwa wenzake akiwa hai.

Othmar alifunga ndoa na Kalista Kapinga, binti wa Mzee Wendelini na Mama Rosina wa Ukata, Jumamosi tarehe 19 Julai 1969. Tarehe haikuwekwa kwa ajili ya mwezi, iliwekwa kwa sababu mavuno yalikuwa yamekwisha na pombe ilikuwepo. Lakini ilitokea kwamba siku mbili baadaye redio ikatangaza kuwa watu wamekanyaga mwezini, na Othmar akamtoa bibi harusi Ukata Jumatatu ile asubuhi kwa lori la mahindi, wakashuka Mbinga mjini kugonga muhuri wa tarehe 21 Julai 1969 kwenye bahasha aliyokuja nayo harusini ndani ya mfuko wa koti. Kalista aliishika bahasha ile mapajani hadi ziwani. Kwenye mapaja hayo hayo alikuwa na kifurushi cha kitambaa. Ndani yake zilikuwa mbegu alizopewa na mama yake: maharage ya njano, mekundu yenye jicho jeupe, mekundu yasiyo na jicho, ya madoadoa, meusi madogo, na mengine ambayo majina yake ya Kimatengo waliyajua yeye na mama yake.

Sasa Lundo si Ukata. Ukata ni mlimani, kuna baridi, na watu wa kule walilima ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama mzinga wa nyuki, yanayoshika maji na udongo. Ziwani ni joto na mchanga. Mbegu za Kalista mwaka wa kwanza ziliingiwa na fukusi, mwaka wa pili zikaingiwa tena, na akalazimika kwenda kuomba nyingine kwa mama yake. Aliangalia nyumba nzima mahali ambapo fukusi hawaingii akapaona pamoja tu: sanduku la Othmar. Bati lake lilifunga vizuri, na chini ya bahasha Othmar aliweka mfuko wa mchele uliokaangwa, akiubadilisha kila mwezi, ili unyonye unyevu wa ziwani. Tena mle ndani kulikuwa na bahasha nyingi, safi, ngumu, na zote tupu. Kalista hakuona kosa. Mtu wa Ukata haachi chombo kizuri kikae bure.

Mwezi Agosti 1972 padre mgeni alifika nyumbani kuziona bahasha alizokuwa amezisikia. Othmar alifungua sanduku, akampa ile ya mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani. Padre aliigeuza kusoma nyuma, na maharage yakamwagika mezani.

Padre aliyatazama. "Na haya yametoka huko huko?"

Othmar hakucheka. Padre alipoondoka, alitoa bahasha moja moja akazimimina zote kwenye ungo mmoja. Ndipo Kalista alipoingia.

"Umezichanganya," alisema.

"Wewe umeniharibia bahasha zangu!"

"Ipi imechanika? Nionyeshe. Ipi imelowa? Nimeweka kitu kwenye kitu kitupu. Wewe umechukua vitu vya mama yangu ukavifanya kitoweo."

Kesho yake alimbeba mtoto wao Hildegardi mgongoni, akafunga mbegu zile zilizochanganyika kwenye khanga, akapanda lori la Mbinga kurudi kwao Ukata. Wiki ya tatu Othmar akamwambia mdogo wake wafuatane kwenda kumwomba.

Mzee Wendelini aliwapokea vizuri, akawaacha na wanawake. Mama Rosina na Kalista walikuwa wamekaa na ungo katikati yao.

"Shikamoo, mama," Othmar alisema.

"Marahaba. Umefuata mke au umefuata bahasha?"

"Mke, mama."

"Mke wako yumo humu kwenye ungo. Kaa umtoe."

Othmar alikaa. Alitenga njano kutoka kwenye njano nyingine ambayo mtu mwingine angeapa ni ile ile. Alitenga yenye jicho na yasiyo na jicho. Mama Rosina mara mbili tu alimrudishia mkono: "Hiyo siyo, tazama kitovu chake." Kazi ya kutazama tarehe zilizofifia kwenye mihuri ilimfaa siku ile. Mdogo wake naye alijaribu kusaidia, hadi Kalista akamwambia, "Shemeji, wewe nenda kapumzike, unazirudisha zilikotoka." Jua lilipokaribia kuzama yalikuwa mafungu madogo yamezunguka ungo, na katikati zimebaki punje ambazo hata Mama Rosina alishindwa kuzitambua. Hizo zilipikwa, zikaliwa na wote.

Walipokuwa wanakula Othmar alimwambia mkewe, "Nje yangu, ndani yako."

"Hayo maneno ya nani?" Mama Rosina aliuliza.

"Ya mama mmoja wa Kiislamu, muuza duka wa Mbamba Bay."

"Ana akili. Umshike."

Makubaliano yakawa hayo. Kalista aliruhusiwa kuweka mbegu katika kila bahasha, kiasi cha konzi moja ya mkono, na jina aliandike kwenye kipande cha karatasi ndani, asiguse sura ya bahasha kwa wino wala kwa penseli. Othmar alikatazwa kumimina. Tangu hapo, kila mwezi Machi Kalista alipanda Ukata na bahasha kwenye kikapu, akapanda kila mbegu kwenye ngoro yake katika shamba la baba yake, maana mbegu ya maharage usipoipanda kwa miaka michache inakufa hata kama fukusi hawakuigusa. Juni alivuna, akajaza bahasha upya, akarudi. Mbegu zilibadilika kila mwaka na bahasha zilibaki zile zile. Hawakugombana tena juu ya jambo hilo kwa miaka hamsini na zaidi. Juu ya mengine waligombana kama watu.

Walijaliwa watoto watatu: Hildegardi, Victor na Winnie. Wote walisomeshwa.

Baada ya kustaafu Othmar alikaa Lundo. Barua zilikuwa zimeanza kupungua kabla hajaondoka, kisha zikaisha kabisa. Rafiki wa Krakow aliacha kuandika mwaka 2003, yule wa Ohio mwaka 2009, na kwa umri wao hakuna haja ya kuuliza sababu. Kule Ukata nako watoto wa watoto wa Mzee Wendelini wameacha ngoro nyingi zikawa nyasi. Wanasema ni kazi ya kuvunja mgongo, na ni kweli. Wananunua dukani mbegu zilizopakwa dawa nyekundu, za rangi moja na umbo moja, na msimu ukifika wanasubiri gari la mbegu kama sisi tulivyosubiri meli. Hadi juzi hapakuwa na mtu Ukata nzima aliyemjua Kalista ambaye hakuwahi kumwambia, "Mama, hizi za nini tena? Za dukani zipo." Ndiyo hali ilivyo. Wasifu hauwezi kuibadilisha.

Moyo wa Othmar ulianza kumsumbua mwaka 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akatibiwa hospitali Mbinga na kurudishwa nyumbani na dawa. Mwezi Februari 2024 Kalista alianguka kisimani akavunjika nyonga. Machi ile hakuna aliyepanda Ukata, na mbegu zikakaa mwaka bila kuguswa.

Mwaka huo huo Victor, kwa nia njema, alipiga picha bahasha kwa simu akampelekea mnunuzi aliyemwona kwenye mtandao. Jibu lilikuja upesi: anazitaka zote, ila ziwe tupu na bapa, na zisiwe zimeandikwa kitu juu zaidi ya anwani ya awali. Habari ikatembea. Kufika Januari mwaka huu vijana kadhaa wa ukoo walikuwa wanakuja kumjulia hali mgonjwa ambaye hapo awali hawakumjulia, na nje barazani wakawa wanagawana kwa maneno. Sanduku ni la mume, walisema, na mali ya mume hurudi kwa ndugu zake. Kwa desturi hawakukosea. Kalista alikuwa amelala ndani, dirisha wazi. Alimuita shemeji yake akamwambia maneno haya tu: "Shemeji, mkigawana bahasha, mimi mnipe ungo."

Othmar alikuwa kitanda cha pili. Alisikia.

Machi ilipofika alisema anakwenda Ukata. Daktari alimkataza, watoto walimkataza. Alikuwa na miaka themanini na miwili na hajawahi kushika jembe la ngoro. Hildegardi alimpeleka kwa gari. Vijana wawili wa Ukata walilipwa kuchimba, lakini kupanda alipanda mwenyewe, amekaa juu ya kigoda, akikisogeza kutoka shimo hadi shimo, bahasha mkononi na karatasi ya jina imechomekwa kwenye kijiti. Mwaka ule mmoja uliopotea ulikuwa na gharama yake: meusi madogo hayakuota hata moja. Mengine yaliota. Vijana walimuuliza kama hiyo ni dawa. Aliwajibu, "Ni za mke wangu. Msizikanyage."

Juni alirudi kuvuna, na safari hii mdogo wake alifuatana naye. Maharage yalipokauka aliyatia ndani ya bahasha zake, konzi moja moja. Halafu aliomba kalamu ya wino. Alichukua bahasha ya juu, ile ya Ilyasi, akakata anwani yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake, karibu kabisa na ule muhuri wa mwaka 1962, akaandika: *Kalista Kapinga, Ukata*.

"Kaka, unaziharibu," mdogo wake alimwambia. "Hakuna atakayezitaka."

"Ndiyo."

"Miaka sitini umewakataza watu hata kuzishika vibaya."

"Mwenye barua akihama barua inahamishwa. Wewe hukuwa posta, huwezi kujua."

"Nani amehama? Kalista yupo Lundo."

"Mimi ndiye ninayehama," alisema, akachukua nyingine.

Aliziandika zote, moja baada ya moja, pamoja na ile ya tarehe 21 Julai 1969 iliyogongwa Mbinga. Mistari ilinyooka, maana alitumia rula. Ile iliyokuwa na meusi madogo aliiandika pia, tupu kama ilivyokuwa. Victor alikuja mwezi Julai, akafungua sanduku, akazipitia bahasha.

"Baba, umeziua," alisema.

"Zina mbegu," baba yake akamjibu. "Kazipande uone."

Siku ile ile Kalista aliletewa sanduku kitandani. Alisoma moja, akasoma ya pili, akasema, "Kwa hiyo na nje yangu." Othmar alisema, "Na nje." Kalista akamuuliza kwa nini hakuweka sanduku la posta kwenye anwani. Alijibu kwamba Ukata wanamfahamu.

Mwezi Septemba hali ya Othmar ilishuka. Alilazwa hospitali Mbinga tarehe 19, akaomba arudishwe nyumbani, akarudishwa tarehe 28. Alifariki Lundo, Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkewe na binti yake Winnie wakiwa pembeni yake. Anazikwa leo, Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025, karibu na wazazi wake. Habari za kifo chake zilitumwa kwa simu, na watu wengi wamejibu kwa picha ndogo ya mikono iliyokunjwa. Familia inawashukuru hao. Inawashukuru zaidi waliokuja kwa miguu.

Marehemu ameacha mke, Kalista Kapinga. Watoto watatu, Hildegardi, Victor na Winnie. Wajukuu wanane, vitukuu wawili na mdogo wake mmoja.

Kuhusu sanduku. Mdogo wake, kwa mamlaka aliyonayo katika ukoo, amekagua mali ya marehemu: nyumba, baiskeli, redio na shamba la muhogo. Hivyo vitagawanywa kwa desturi. Sanduku la bati ni la marehemu, na mwenye haja ya sanduku la bati atapewa likishamaliza kazi. Barua zilizomo si zake. Kila moja ina jina la mwenyewe juu yake, limeandikwa wazi kwa wino, na karani wa posta ndiye aliyeliandika. Vijana waliokuwa barazani wanakaribishwa kusoma. Hildegardi atamrudisha mama yake Ukata Jumatatu, kama mama mwenyewe alivyoomba, na sanduku litakwenda naye kwenye gari hilo hilo.

Bahasha moja katika hizo haina mbegu. Kama yupo mtu hapa, wa Ukata, Ruanda ya Mbinga au popote mlimani, ambaye bibi yake bado analima yale maharage meusi madogo, aje amwone mjane kabla ya Machi. Anahitaji konzi moja tu.

Othmar Nkwera amemaliza zamu yake. Mungu ampe mapumziko mema.